Kinyago Kilichochuja

Mwaka ule paa la nyumba tuliyopanga lilivuja usiku kucha, na maji yakawa yanadondokea juu ya kabati la vitabu. Asubuhi nilikuta madaftari yamevimba, na kinyago changu cha kwanza, nilichokinunua kwa mshahara wangu wa kwanza wa ualimu, kimesimama katikati ya kidimbwi cheusi. Nikachukua kanga kuukuu nikaanza kukifuta. Kanga ikawa nyeusi, kinyago kikawa cheupe. Kadiri nilivyofuta ndivyo mti wenyewe ulivyozidi kujitokeza, mwepesi, wa rangi inayokaribia njano, kama mbao za masanduku ya nyanya yanayoshushwa sokoni alfajiri.

Nilikuwa nimeambiwa ni mpingo, na nikalipa bei ya mpingo. Miaka sita nilikuwa nawaonyesha wageni: karibuni, huu ni mpingo halisi. Asubuhi ile nilikaa sakafuni na ile kanga mkononi, nimekasirika kiasi cha kutaka kukitupia kinyago jikoni kwenye kuni.

Nilichelewa kukitupa, na kule kuchelewa ndiko kulikoniokoa. Kinyago chenyewe ni mwanamke aliyeketi, magoti pamoja, shingo ameilaza kidogo upande wa kushoto kama mtu anayesikiliza maneno yanayosemwa chumba cha pili. Miaka yote sita nilikuwa naona weusi na mng'aro. Rangi ilipoondoka, zikabaki alama za patasi. Niliona jinsi aliyekichonga alivyoishusha shingo kwa mikato mirefu, laini, isiyosita, kisha akafika chini ya sikio na kupunguza, kipande baada ya kipande, vidogo kama punje za mchele, mpaka ule mlazo ukapatikana. Ukipitisha kidole hapo unauhisi uangalifu wake.

Pembeni yake siku hizi kimekaa kinyago kingine, nilichokinunua baada ya kujifanya mjanja. Hicho ni mpingo kweli, nilihakikisha. Ni kichwa cha mzee mwenye ndevu na makunyanzi, kizito kama jiwe la kusagia. Kila anayeingia sebuleni kwangu nikamuuliza kipi bora hujibu bila kufikiri: huyo mzee, huo ndio mpingo. Mimi nasema hapana, na nimekuwa nikisema hapana kwa muda mrefu. Makala hii ni jaribio la kueleza kwa nini.

Nianze kwa kuutendea haki mpingo, kwa maana heshima yake si ya bure. Ni mti unaokua polepole mno, unaohitaji miongo mingi kabla haujafaa kukatwa. Kiini chake ni cheusi au kahawia iliyokolea, na nje yake, chini ya gome, kuna pete nyeupe yenye umanjano. Ni mzito hata ukiutumbukiza kwenye ndoo unazama. Unatia butu patasi, na vumbi lake huwasha macho na ngozi. Huko Ulaya hutengenezea zumari za klarineti na oboi, kwa sababu una uzito na ugumu unaotakiwa na ala hizo na hausumbuliwi sana na unyevu wa pumzi ya mpigaji. Mtu anayechonga mti kama huu mchana kutwa kwa tezo na patasi anastahili malipo yake. Na anayepaka mti laini dawa ya viatu akauuza kwa jina la mpingo anamwibia mnunuzi, halafu anamwibia pia fundi wa kibanda cha jirani. Hilo sina mjadala nalo.

Kwa hiyo ukienda kununua, kipime uzito mkononi, kigeuze utazame chini ambako rangi haikupakwa vizuri, kwaruza kidogo kwa ukucha, tafuta ile pete nyeupe. Wahenga wetu walishaliona hili zamani waliposema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Lakini ukishamaliza ukaguzi huo ujue umeukagua mti tu. Kinyago bado hujakitazama.

Kosa hili la kutazama kisichotakiwa nililifanya hata darasani, tena kwa miaka. Nafundisha Kiswahili sekondari. Kila aliyepita kidato cha nne nchini kwetu anaijua namna tunavyohakiki: fani na maudhui. Kwenye maudhui unaorodhesha dhamira, ujumbe, migogoro, falsafa na mtazamo. Kwenye fani unataja muundo, mtindo, wahusika, mandhari na matumizi ya lugha. Mwisho unaandika kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi. Ni utaratibu wenye faida, unamzuia mwanafunzi kuishia kwenye "kitabu ni kizuri". Ila una ugonjwa wake: tumewazoesha watoto kuwa kila kazi ya sanaa ni bahasha, na ndani yake kuna ujumbe, na kazi ya mhakiki ni kuichana bahasha, kuutoa ujumbe na kuitupa bahasha.

Siku moja nilipeleka darasani kinyago cha ujamaa, kile chenye watu wengi waliopandiana mabegani kuzunguka gogo moja, kila mmoja amemshika mwenzake. Nikawaambia wakihakiki. Karibu wote waliandika dhamira moja: umoja ni nguvu. Wengine wakaongeza ushirikiano na mshikamano wa kijamii. Niliwapa alama zote, kwani hata mimi ndivyo ningeandika.

Baadaye nikasoma historia ya mtindo huo, na nikatamani ningerudishiwa yale madaftari. Anayetajwa kuwa mwanzilishi wake ni Roberto Yakobo Sangwani, Mmakonde aliyevuka kutoka Msumbiji mwishoni mwa miaka ya 1950. Yeye alichonga kitu kinachoitwa dimongo: bingwa wa mieleka amebebwa juu na wenzake baada ya kushinda. Ni furaha ya uwanjani ile, jasho na kelele na mtu mmoja juu ya wengine. Jina la ujamaa lilikuja kukaa juu yake baadaye, nchi nzima ilipokuwa inalitamka neno hilo, na hasa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967. Waliofuata wakaendelea kuongeza watu na kuurefusha mnara, na yule bingwa wa juu akafifia kidogo kidogo, akawa mmoja wa ukoo.

Sisemi kwamba wanafunzi wangu walikosea. Kinyago kinaweza kubeba maana ya pili, hata ya tatu, na mafundi wenyewe waliipokea maana mpya wakaichonga kwa moyo. Ninachojutia ni kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyekitazama kile kinyago. Tulilitazama jina. Laiti tungehesabu nani anabeba na nani anabebwa, miguu ya nani inagusa chini, nani uso wake umefunikwa na kiwiko cha mwenzake, tungeona kwamba ule mnara una uzito, kuna wanaoelemewa, na fundi alijua hivyo. Mle ndani mlikuwa na uhakiki wa umoja wenyewe, nasi tukaandika methali.

Tangu hapo nikaanza kwenda Mwenge, hapa Dar es Salaam, kwenye vibanda vya vinyago, bila nia ya kununua. Kuna mzee mmoja pale tulizoeana. Sitamtaja jina, hapendi. Hukaa kwenye kigoda, gogo amelibana kwa nyayo, na tezo lake lina sauti ya kupumzisha: ko, ko, ko, kimya kidogo, ko.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwalimu. Hawajambo watoto wa shule?"

Mara moja nilimkuta ameliegemeza gogo ukutani, hafanyi kitu. Alikuwa ameshatoa kichwa na bega moja la mwanamke, na pale lilipotakiwa bega la pili mti ulikuwa na tobo. Mpingo mzima mara nyingi huwa na kasoro za namna hiyo, moyo umeoza au ufa umepita ndani ambako hukuuona wakati wa kununua gogo. Nilimpa pole. Akasema, "Hapa mti umenikatalia. Ngoja kwanza tupumzike wote."

Niliporudi baada ya wiki mbili, lile tobo lilikuwa limegeuka nafasi kati ya mkono na mbavu. Mwanamke sasa anambeba mtoto ubavuni, na mkono wa mtoto umepenya kwenye tobo kutokea nyuma, vidole vinne vidogo vimeshika mbavu za mama kwa mbele. Ile sehemu iliyooza ilikuwa imekwanguliwa ikaisha, na ukingo wake ndio uliokuwa mkunjo wa kwapa. Kama sikuliona lile gogo wiki mbili nyuma ningeapa kwamba mtoto alikusudiwa tangu mwanzo.

Pale ndipo nilipopata kipimo ninachokitumia hadi leo. Nikikutana na kazi yoyote natafuta mahali ilipombana aliyeitengeneza, kisha natazama alifanya nini hapo. Kwenye ushairi wetu wa kimapokeo jambo hili limewekwa wazi kabisa. Tarbia ya kawaida ina mishororo minne, kila mshororo mizani kumi na sita, nane kwa nane, na vina vya kati na vya mwisho. Mtunzi akifika mahali neno lake linazidisha au linapunguza zile mizani nane, au halikubali kina, amebanwa kama mzee wangu na tobo lake. Ataweza kulikata neno, na tunaita inkisari. Au kulirefusha, mazida. Au kuligeuza umbo, tabdila. Mtunzi dhaifu hulikata neno ili litoshe tu, na msomaji anahisi shimo. Mtunzi hodari hulikata likatoka na maana ambayo lile zima halikuwa nayo. Kwa miaka mingi nimewafundisha wanafunzi kuzitaja inkisari na mazida kama orodha ya kukariri. Sasa nawauliza swali moja: hapa alilazimika, je, alifaidika?

Historia ya uchongaji wa Wamakonde wenyewe ina kisa kinachofanana na hili. Vile vinyago vya mashetani, vyenye jicho moja, masikio yaliyovutwa, mguu uliogeuka kuwa mkono, tunavyovidhania kuwa vya kale, vilianza miaka ya 1950 hapa hapa Dar es Salaam. Anayetajwa ni Samaki Likankoa, na mfanyabiashara aliyekuwa akinunua kazi za mafundi hao ni Mohamed Peera. Inasimuliwa kwamba Samaki alivunjikiwa mkono wa sanamu, na badala ya kuitupa akaiendeleza vilevile ilivyo, kilema, akaona kwamba kiumbe kile si mtu tena, ni pepo. Sikuwepo, nami nasimulia kama nilivyopokea. Lakini ukiwa umeshawaona mafundi wakikaa kimya mbele ya gogo lenye tobo, kisa hiki hakikushangazi hata kidogo.

Sasa turudi kwa yule mzee mwenye ndevu kabatini kwangu. Nimekaa naye miaka, nimejaribu kumpenda. Paji lake la uso lina makunyanzi matatu, yote ya kina kimoja na urefu mmoja. Shavu la kushoto ni la kulia lililogeuzwa. Kwenye utosi ile pete nyeupe ya mti inaingia kwa mshazari, mahali pazuri ambapo fundi angeweza kupata mvi, au kilemba, au jua. Makunyanzi yamepita juu ya weusi na weupe bila kujali, kama mtu anayepita msibani bila kusema pole. Mkono uliochonga ulikuwa na ustadi mkubwa kuliko ule wa mwanamke wangu mweupe, hilo nalikubali wazi. Mikato ni safi, na msasa umepigwa mpaka mwisho. Ila hakuna mahali popote ambapo mkono huo ulisimama ukauliza kitu.

Huwa naambiwa hapa kwamba ndiyo hali ya vinyago vyote vya kuuza, kwamba ni sanaa ya watalii tu, usitafute kitu ndani yake. Kauli hii naikataa kwa nguvu. Mashetani ya Samaki yalichongwa ili yauzwe. Dimongo iliuzwa. Wengi wa mafundi hao walikuwa wahamiaji waliovuka Ruvuma kutafuta riziki, baadhi kwenye mashamba ya mkonge, na kinyago kilikuwa chakula na kodi. Kuuza hakujawahi kuiua kazi peke yake. Wala kurudia si dhambi. Fundi anayechonga umbo lile lile mara mia anaweza kuwa anajifunza kitu kila mara, kama mwimbaji na wimbo wake mmoja. Kinachoua ni mkono kuacha kutazama, na hilo huwezi kulijua kwa kuulizia nani mnunuzi. Unalijua kwa kukishika kinyago kimoja kimoja. Kila unapokihukumu kibanda kizima kwa mkupuo umejinyima kazi na umemdhulumu yule mmoja aliyetulia kwenye shingo.

Tuna methali, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Pale Mwenge nimeiona ikigeuka mara nyingi. Kilicho rahisi kuingia kwenye begi la safari hujiuza chenyewe, na yule mama mwenye mtoto wa kwenye tobo alikaa rafuni miezi saba, vumbi likimwingia kwapani, kwa sababu ni mzito na mtalii anaogopa uzito wa mizigo. Mzee alikuwa anamfuta kwa kitambaa kila Jumatatu. Mimi mshahara wangu haukuweza kumfikia, na nilimwambia hivyo.

Methali ninayoiamini zaidi katika shughuli hii ni ile ya mgema kusifiwa, tembo akalitia maji. Huwa tunaitumia kumsema mgema. Nikiifikiria sana naona inatusema sisi wanywaji pia, tuliosifu kwa jumla. Laiti tungemwambia tembo la jana lilikuwa limechacha vizuri ila la leo limewahi kuteremshwa, angekuwa na cha kulinda. Sifa isiyotaja kitu haimpi fundi kitu cha kukishika. Kwenye maonyesho ya sanaa tunayohudhuria hapa mjini, hotuba ni zile zile: pongezi, tudumishe utamaduni, piga picha. Kijana aliyechora kwa miezi minne anarudi nyumbani bila hata mtu mmoja kumwambia kwamba ule mkono wa kulia unavutia jicho kuliko uso, je, ndivyo alivyotaka? Tunaogopa kumuudhi. Mimi naona kutomwambia ndiko kunakoudhi.

Kutazama kunahitaji pia kujua kazi ilikusudiwa ikae wapi. Neno letu kinyago linabeba vitu viwili, sanamu ya kuwekwa na sura ya kuvaliwa. Vile vya kuvaliwa, mapiko ya Wamakonde, huchongwa kwa mti mwepesi kwa sababu mchezaji anakibeba kichwani akicheza, na huwa na nywele halisi za binadamu. Nje anatazama kupitia mdomo wa kile kinyago. Kimoja cha namna hiyo kiliibwa mwaka 1984 katika Makumbusho ya Taifa hapa Dar es Salaam pamoja na vitu vingine, mwaka uliofuata kikanunuliwa Paris, kikakaa katika makumbusho ya Barbier-Mueller huko Geneva mpaka kiliporudishwa Tanzania mwaka 2010. Nilifurahi kiliporudi. Lakini hata kikiwa nyumbani, ndani ya kioo, mtu anayekitazama kwa utulivu machoni anatazama mahali ambapo mchezaji hakuwepo. Mtu alikuwa mdomoni. Ukilijua hilo, ule mdomo ulio wazi unaacha kuwa pambo, unakuwa dirisha.

Mwezi uliopita hatimaye nilimfunga mwanamke wangu mweupe kwenye kanga nikampeleka kwa mzee. Nilikuwa nimesitasita miaka mingi, naona haya kumwonyesha fundi wa mpingo mti uliopakwa dawa ya viatu. Nilimweleza yote, bei niliyolipa, mvua, kanga iliyochafuka. Hakucheka. Alimgeuza kichwa chini, akamnusa, akampitishia kidole gumba mgongoni, akakaa naye mapajani muda mrefu, tezo limenyamaza.

"Huyu alikuwa bado anajifunza," alisema. "Tazama mkono huu, kaulipua. Kachoka au kaitwa kula." Kisha kidole gumba kikapanda mpaka shingoni, kikasimama chini ya sikio, pale pale. "Lakini shingo anaijua."

Nikamuuliza kama anaweza kumpaka tena, au kumpa mafuta yoyote ya kumlinda. Akatikisa kichwa. Aliwaita vijana wawili wanaojifunza kwake, wakaacha msasa wakaja na mikono yao ya vumbi, akawaonyesha ile mikato midogo midogo, mmoja mmoja wakapitisha kidole.

"Mwalimu," aliniambia, "niachie huyu mpaka Ijumaa. Nataka hawa wamtazame."

Nikamwacha pale kwenye rafu, mweupe, katikati ya mipingo, nikaenda kusubiri daladala.